Kisasi cha Biskuti za Ndizi

Niseme mapema ili mtu asije kunilaumu baadaye: katika ugomvi huu nilikuwa upande mmoja tangu mwanzo, na niko upande huohuo mpaka leo. Anayetaka habari iliyopimwa kwenye mizani akaulize kwingine. Mimi na Fundi tulitenganishwa na ukuta mmoja tu. Cherehani yake ndiyo iliyoniamsha asubuhi, na siku alipolia akidhani mvua juu ya bati inamficha, nilimsikia vizuri kabisa.

Fundi alishona sare za shule. Chumba chake cha mbele kilikuwa na dirisha pana lililotazama barabara, na cherehani ilikaa chini ya dirisha hilo ili asiwashe taa mchana. Alikuwa mkali wa kazi. Kila sketi aliyoshona aliiachia pindo refu kwa ndani, ili mtoto akirefuka mama yake aifumue badala ya kununua nyingine, na mteja aliyemwambia apunguze pindo apate kuokoa kitambaa alirudishiwa kitambaa chake na kuonyeshwa mlango. Mume wake alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuja na kuondoka. Akija analala, akiamka anaondoka. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, binti, na binti huyo alikuwa na mdomo! Alizungumza na paka, akazungumza na pasi, akahesabu vifungo kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Alicheka huku kichwa amekirusha nyuma, unaona mpaka koo.

Ng'ambo ya barabara, sawasawa na dirisha la Fundi, palikuwa na duka. Mwenye Duka alikuwa na tumbo la mbele na utani wa kila saa, mtu wa kupendwa na wote, na watu wa kupendwa na wote mimi huwatazama mara mbili. Juu ya meza yake alipanga machupa ya pipi: nyekundu, kijani, manjano, zote zinang'aa, na meza yenyewe ilikuwa fupi kiasi kwamba pua ya mtoto wa miaka mitano iligota kwenye kioo. Msidhani ilikuwa bahati.

Tena alikuwa na desturi yake. Ukinunua kitu ukangoja chenji, anapapasa droo, anatikisa kichwa, anasema, "Chenji sina leo, chukua tamu." Anakutilia pipi kiganjani. Sisi wakubwa tulinung'unika, tukazitupa kwenye kopo jikoni, tukasahau. Lakini watoto hawana kopo. Binti wa Fundi alitumwa uzi, alitumwa mkate, alitumwa chumvi, na kila alikotumwa chenji yake iliishia njiani, mdomoni. Mama yake, macho kwenye sindano, alipokea uzi akasema ahsante mwanangu.

Asubuhi moja mtoto aliamka mdomo wa juu umefura. Wakaenda kwa daktari wa meno. Meno manne ya mbele yalikuwa yamebaki visiki vyeusi, na chini yake usaha. Daktari aliyang'oa yote manne siku hiyo, Fundi mwenyewe amekishika kichwa cha mwanawe kwa mikono yote miwili. Walipomaliza daktari akamuuliza mtoto kwa upole, "Unapenda kula nini sana, mama?"

Mtoto akajibu, pamba mdomoni, "Chenji."

Daktari hakuelewa. Fundi alielewa. Aliniambia kwamba pale kwenye kiti damu ilimpanda mpaka masikioni, asisikie tena maelezo ya dawa, ikabidi arudi mlangoni kuuliza upya.

Hata hivyo hapo bado kulikuwa na nafasi ya kusamehe. Mtu anauza pipi, ni biashara, na mzazi naye ana macho. Fundi alijilaumu zaidi kuliko alivyomlaumu Mwenye Duka. Kilichofuata ndicho kilichofunga mlango. Siku chache baadaye binti alivuka barabara kununua mkate, akasalimia, na Mwenye Duka akaliona lile pengo. Akapiga makofi.

"Hee! Kibogoyo wangu huyo kaja! Sasa mkate utautafuna kwa fizi?"

Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Watoto waliokuwa kwenye foleni wakacheka zaidi, wakalidaka jina, wakakimbia nalo. Kufika jioni barabara nzima ilikuwa na Kibogoyo. Kumbukeni aliyetia jina ndiye aliyetia pipi. Huo ndio uliokuwa moto wenyewe, na mtu yeyote aliyemwambia Fundi "ni utani tu, yatapita" alipata jibu ambalo siwezi kuliandika hapa.

Binti aliufikisha mkate nyumbani, akauweka mezani, akaweka mkono mdomoni. Mkono ule haukushuka tena. Aliongea nyuma ya mkono, kwa maneno machache, aliinama akila, paka na pasi vikakosa mtu wa kuzungumza navyo. Shuleni mwalimu alidhani ni mtoto mwenye aibu kwa tabia. Mtoto yule! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini hata mimi wa upande wa pili wa ukuta niliusikia ukimya ule.

Jioni moja Fundi alikaa nami kizingitini, akilitazama duka lililojaa watoto.

"Jirani," akasema, "sitampiga, nitafungwa. Sitamtukana, ulimi wake ni mrefu kuliko wangu. Nitamkosesha watoto. Nataka asimame pale mlangoni mwake aone wanavyompita."

"Utawaweza vipi? Yule ana pipi."

"Nitawapa kitu kitamu kuliko pipi."

Nikamwambia Mungu amtie nguvu, na moyoni nikasema amechanganyikiwa.

Biskuti zake za kwanza zilikuwa aibu. Alitoa sukari yote akadhani kazi imekwisha. Alinipa nionje, nikatafuna, nikatafuna, nikasema, "Fundi, hizi uzifanye soli za viatu." Hakucheka. Alizipanga kwenye meza ndogo nje ya dirisha na mtoto mmoja mwenye adabu akalamba moja, akairudisha mahali pake taratibu, akasema shikamoo, akaenda zake dukani. Mwenye Duka aliona yote. Alicheka mpaka akashika ubao wa mlango.

Kicheko kile kingemtosha mtu mwingine kuacha. Fundi aliacha kupika kwa muda, kweli, lakini alichokifanya ni kutazama. Ana jicho la kupima: anakuona ukipita anajua bega lako moja limeshuka. Akaanza kuwapima watoto wakila pipi. Aligundua kwamba kabla ya utamu wanapenda karatasi inavyolia. Wanapenda kuizungusha ncha mbili. Wanapenda zaidi ya yote kutoleana ndimi, nani wake umekuwa mwekundu, nani wake kijani. "Utamu wenyewe hata hawaumalizi," aliniambia, macho yanamwaka. "Wanatema wakitaka kucheza. Huyu mzee anauza karatasi na rangi."

Basi akaanza upya. Akawa ananunua ndizi zilizoiva mpaka ganda limejaa madoa meusi, zile ambazo muuza matunda huziweka chini ya meza kwa haya, kwa sababu ndizi iliyofika hapo haihitaji sukari ya mtu. Aliziponda, akazichanganya na shayiri na karanga zilizosagwa, iliki kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Alioka kwa moto mdogo mpaka chumba changu kikanukia, nikashindwa kulala mchana. Akazifunga moja moja kwenye karatasi inayolia, ncha mbili zimesokotwa, na kila ncha ameifunga kwa uzi wa kitambaa kilichobaki kwenye sare. Mtoto wa shule yenye sare ya bluu akataka biskuti yenye bluu. Kesho yake akataka ya kijani, apate ya kuringia.

Kisha ndimi. Alichukua bitiruti, kile kiazi chekundu kama damu, akakichemsha, akakisaga pamoja na mtindi na embe lililoiva, akagandisha kwenye vikombe vidogo vyenye vijiti. Mtoto akilamba, ulimi unakuwa mwekundu wa kutisha. Siku ya kwanza ya barafu zile watoto walisimama katikati ya barabara wametoleana ndimi kama vinyonga, na ng'ambo Mwenye Duka akawa anapangusa chupa zake kwa kitambaa, anapangusa ile ile.

Alijaribu tende pia, zimejazwa karanga, na zilipendwa. Lakini alipompelekea yule daktari sinia aonje, daktari alisema tende ni njema ila huganda jinoni sawa na pipi, mtoto aile na chakula chake kisha anywe maji, si kuitafuna kutwa. Mtu mwingine angenyamaza auze. Fundi aliziondoa tende mezani siku hiyohiyo, na akaweka mtungi wa maji na vikombe: umekula, unakunywa, ndipo unaondoka. Tena aliuza saa ya mapumziko na saa ya kurudi nyumbani, basi. Nje ya hapo meza ilifunikwa kitambaa. Ukimbembeleza alikujibu, "Mtoto si mbuzi, wa kutafuna kutwa." Wazazi wakampenda kwa jambo hilo hata kabla hawajampenda kwa biskuti. Wengine walikuja kuuliza namna ya kupika, naye akawaeleza bila kuficha. Kila jiko lililookea ndizi zake lilikuwa jiko moja lisilonunua pipi. Mwenye kisasi hana siri ya upishi.

Halafu lile la makopo. Hilo lilikuwa letu sote, nalikumbuka kwa raha.

Fundi alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza kina mama, "Zile pipi za chenji mnazo?" Tulikuwa nazo. Asubuhi moja tukavuka barabara, mama baada ya mama, na makopo yetu. Fundi alikuwa wa kwanza. Akaomba mkate, akaomba sabuni, akamimina pipi juu ya meza.

"Hii ni nini?" akauliza Mwenye Duka.

"Pesa."

"Mama, hizi ni pipi."

"Zikija kwetu ni chenji, zikirudi kwako ni pipi?"

"Fundi, usinitanie asubuhi yote hii."

"Mimi sina utani, baba. Mwenye utani ni wewe."

Nilikuwa nyuma yake na kopo langu, na nyuma yangu foleni ilifika barabarani. Alitazama foleni, akatazama makopo, jasho likamtoka. Mkuki kwa nguruwe mtamu! Alichukua pipi zake zote, nyingine zimeyeyuka zimeshikana na karatasi, akatupatia mikate. Kuanzia siku ile droo yake ilipata chenji, sijui ilitoka wapi.

Ndipo alipokosea, na sisi tukakosea naye, ingawa wakati ule tuliona tumeshinda. Alitoka mlangoni pake, hasira zimemkaba, watoto wanapita mbele yake kwenda kwenye meza ya Fundi, akapaza sauti: "Nendeni, nendeni! Nendeni kwa Mama Kibogoyo mkale ndizi zilizooza!"

Hakuna aliyewahi kumwita Fundi hivyo. Mama huitwa kwa mtoto wake, hiyo ni kawaida, lakini yeye kwa ajili ya kazi yake alikuwa Fundi kwa kila mtu. Fundi aliacha kuuza, akaingia ndani, akatoka na ubao wa kabati kuukuu na kopo la rangi nyekundu. Akapiga magoti hapo hapo mbele ya watu, akaandika kwa herufi kubwa: KWA MAMA KIBOGOYO. VITAMU VISIVYONG'OA MENO. Akaupigilia juu ya dirisha, ukitazama duka uso kwa uso.

"Amenipa jina," akasema, misumari bado mdomoni. "Nimelipokea."

Tulipiga vigelegele mpaka makoo yakauma. Dawa ya moto ni moto! Na kwa kweli ubao ule uliuza. Watu wa mitaa mingine walikuja kwa sababu ya ubao, wakacheka, wakanunua, wakaenda kuwasimulia wengine. Mama Kibogoyo alijulikana mpaka mahali ambapo sisi wenyewe hatujafika. Pazia la chumba cha ndani lilitikisika kidogo siku ile ubao ulipopigiliwa, kisha likatulia. Hakuna aliyelitilia maanani.

Fundi alikuwa na hesabu yake moyoni. Meno ya mtoto yataota tena, na siku yakiota mkono utashuka na jina litakufa lenyewe. Alingoja meno yale kama watu wanavyongoja mvua. Yakaota. Yakaja mawili ya katikati, makubwa, meupe, yenye kingo za msumeno, kama yanavyokuwa meno mapya. Fundi alinunua kioo, akakaa na mwanawe kitandani, akamwambia, "Ona, mama. Ona yalivyo mazuri."

Binti akatazama. Akafunga mdomo. Akaweka mkono.

Fundi alikuja kwangu. "Yule mzee amemuua mtoto wangu kicheko," akasema. "Meno yamerudi, kicheko hakijarudi. Sasa namtaka apige magoti." Akaongeza sinia. Akaongeza bisi zilizokaangwa na chumvi kidogo, akaongeza karoti zilizokatwa kwa kisu cha mawimbi zikawa kama vijiti vya kuchezea. Alipika kama mtu anayepigana. Ng'ambo, pipi zilishikana ndani ya machupa zikawa donge moja moja la rangi, na siku moja tukaona machupa yenyewe yameshushwa.

Siku ya kushindwa kwake, Mwenye Duka alivuka barabara kwa miguu yake, saa ya kutoka shule, meza imezungukwa. Alivaa shati safi. Akasalimia kila mtu, akakohoa.

"Fundi, tumekuwa majirani siku nyingi. Watoto hawanunui tena kwangu. Naomba uniuzie biskuti zako nami niweke dukani. Tule wote."

Wallahi nilitaka kupiga kigelegele. Fundi hakuinuka kitini.

"Utaniomba mimi baadaye. Kuna wa kumwomba kwanza." Akaita ndani, "Mama, njoo! Njoo usikie mwenyewe!"

Binti akatoka, mkono mdomoni. Alikuwa karibu kufika miaka saba, mrefu wa miguu. Akasimama kando ya mama yake. Barafu zikawadondokea watoto vidoleni. Fundi akasema, "Haya. Mbele ya hawahawa uliowachekesha. Mwombe msamaha mwanangu."

Na yule mzee, lazima nimpe haki yake ingawa sipendi, alikubali. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Akaweka mkono kifuani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemaanisha, "Nisamehe sana, Kibogoyo."

Hakusema kwa dhihaka. Hakuwa na jina jingine la kumwita! Niliona macho yake yakijua alichokisema, yakipanda juu kutafuta msaada, na kilichokuwa juu yake ni ubao.

Fundi akaruka. "Mwanangu ana jina! Mwambieni jina la mwanangu!" Akamgeukia mtoto wa karibu, mteja wa kila siku. "Wewe, anaitwa nani huyu?" Mtoto akatazama chini. Akamgeukia mwingine, na mwingine. Akawageukia kina mama, wale wa makopo, wale wa vigelegele. Mmoja akafungua mdomo akaufunga. Akanitazama mimi, na mimi ninalijua, nililijua siku aliyozaliwa, lakini nalo lilichelewa kunijia ulimini, na huko kuchelewa alikuona.

Binti akatoa mkono mdomoni. Meno yale mapya yakaonwa na watu wote kwa mara ya kwanza.

"Yeye alinitania," akamwambia mama yake. "Wewe umeniandika."

Akaingia ndani. Mlango hakuubamiza. Aliufunga polepole, na bora angeubamiza.

Fundi alisimama pale, meza imejaa, adui ameinama mbele yake, ushindi wote aliouomba uko mkononi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kisha akachukua nyundo akaung'oa ubao, akaupasua kwa shoka nyuma ya nyumba, akautia jikoni chini ya sufuria. Rangi ilinuka vibaya ikiungua, ikaingia mpaka kwangu kupitia matundu ya ukuta. Alikaa mbele ya moto ule akiuchochea mpaka herufi ya mwisho. Binti hakusema naye, si siku ile wala kesho yake, wala keshokutwa. Chakula alikula. Kazi za shule alifanya. Neno hakutoa.

Sasa mtu angedhani mama huyu angetulia. Fundi hajui kutulia. Kisasi kilibadili uso tu: kilikuwa cha mtu mmoja, kikawa chetu sote, akiwemo yeye. Meza ilipofunguliwa tena, mtoto wa kwanza akaja mbio, "Mama Kibogoyo, nipe ya..." Fundi akarudisha kitambaa juu ya sinia.

"Hayupo mtu huyo hapa. Anayetaka biskuti alitaje kwanza jina la binti yangu. Jina lake alilopewa na baba yake. Asiyelijua akaulize."

Watoto walilijua kabla jua halijazama, watoto hawana makuu. Wakubwa ndio waliokasirika. Mmoja alisema, "Nimekuja na pesa zangu nifundishwe majina?" Fundi akamwambia pesa zake ni nzuri, aende nazo. Wengi walikwenda. Wa mitaa mingine walipokosa ubao hawakuja tena. Masinia yakarudi ndani yamejaa, ndizi zikaoza kweli sasa, na Mwenye Duka akayapandisha machupa yake mezani, pipi mpya. Nilimwambia Fundi, "Anafufuka yule. Unamwachia?" Akanijibu huku anapitisha uzi kwenye sindano, "Afufuke." Nilijua neno lile lilivyomkwangua kooni, kwa sababu ng'ambo kicheko kilikuwa kimeanza tena na yeye alikuwa anakisikia.

Binti naye alisikia, lakini alisikia na la pili. Kila siku, nyuma ya pazia, alisikia mama yake akimrudisha mteja. Alisikia jina lake likitajwa na sauti za watoto, mara linakosewa, mara linarekebishwa. Sijui ni siku gani alitoka. Nilichoona ni kwamba mchana mmoja kiti cha mezani alikalia yeye, mama yupo dirishani kwenye cherehani, na mikono yote miwili ya mtoto ilikuwa juu ya sinia.

Wateja walirudi, si wote, na si haraka. Kina mama waliotaka biskuti walianza kumsumbua Mwenye Duka azilete, kwani kwake ndiko walikonunua chai na maziwa, mpaka akachoka kusumbuliwa. Akavuka barabara tena. Safari hii hakuvaa shati safi.

"Nimekuja kuchukua sinia moja," akamwambia Fundi kupitia dirishani.

Fundi akaonyesha kwa kidole gumba mezani. "Mwenye meza huyo."

Mzee akageuka. Binti alimtazama bila kupepesa.

"Mimi naitwa nani?"

Akalitaja. Alikuwa amejifunza, na alilitaja sawasawa.

"Sijasikia," akasema binti.

Akalitaja kwa sauti zaidi. Watu wa kwenye benchi kule dukani wakageuza shingo.

"Sijasikia."

Mzee akavuta pumzi, tumbo likapanda, akalipaza jina lile mpaka mwanamke aliyekuwa ghorofani akachungulia kuona nani anaitwa. Uso wake ulikuwa mwekundu kama ndimi zilizolamba barafu. Na hapo binti akacheka. Alimcheka mbele ya watu, mtu mzima aliyemzidi babu yake umri, kichwa kimerushwa nyuma, meno yote nje, unaona mpaka koo. Akacheka mpaka akashika meza, na watoto wa foleni wakacheka naye, na mzee akasimama pale anangoja biskuti zake.

Mimi nikamtazama Fundi, maana binti yake kamlea kwa adabu, na mtoto hamcheki mkubwa. Fundi aliinama juu ya cherehani, akajifanya uzi umekatika, akautafuta, akautafuta, wala hakumkataza.